Gari Lililotumika Bara: Ya Kutazama Kabla ya Kulinunua na Baada ya Kulivusha



Kila baada ya msimu mzuri wa karafuu huja swali lile lile: je, fedha hizi zinunue gari? Na wengi huuliza hasa juu ya magari ya Arusha, yale yanayovuta kwa magurudumu manne, kwa kuwa huko kazi ya kuchukua watalii ni kubwa, na Land Rover na Land Cruiser zilizokwisha kutumika huuzwa kila mara. Sisi hatumzuii mtu. Gari lenye nguvu lina manufaa mengi nyumbani: hubeba watoto, humwahisha mgonjwa usiku, na siku za uchumaji hubeba magunia. Lakini likikwama njiani siku hizo, hasara haiwi ya fundi peke yake. Karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia hupata joto, zikavunda na kupauka, na daraja lake hushuka kabla hazijafika jamvini.

Kwa hiyo usiulize mwaka wa gari tu. Uliza lilikuwa likiishi wapi, maana kila gari hubeba ndani yake athari ya njia lililopita.

Tuchukue mfano wa Olmotonyi. Watu wa misitu wapajua mahali hapo kwa ajili ya Chuo cha Misitu, kilichoanzishwa mwaka 1937. Pako kwenye miteremko ya Mlima Meru, karibu na Ngaramtoni, upande wa barabara iendayo Namanga, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hakuna upepo wa chumvi huko. Mnunuzi wa kisiwani akiinama chini ya gari la huko na kuiona chasisi safi isiyo na kutu, hufurahi mno, akatia mkono mfukoni. Asifanye haraka. Mlima nao una namna yake ya kula gari.

Kwanza ni joto la injini. Katika kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama kwetu pwani. Rejeta husalimika kwa sababu kifuniko chake hubana mvuke, na maji hayachemki upesi. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo haipo tena, na gari linalopanda mlima na mzigo huchemka. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KZ, iliyotiwa katika Prado na Hilux Surf nyingi za miaka ya 1990, inajulikana kwa mafundi kuwa ikichemka hedi ya silinda hupasuka. Na ufa huo muuzaji hakuonyeshi.

Tulipofuatana na mwanachama mmoja kutazama Prado ya namna hiyo huko Olmotonyi, tuliikuta imekwisha kuwashwa, ina moto. Tulimwambia muuzaji kwa adabu kwamba tutarudi kesho asubuhi, naye asiiwashe. "Wazee wangu, gari hili halijapata kuchemka hata siku moja," akasema. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua kifuniko. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, na juu yake yameelea mafuta. Tulipoiwasha, mapovu yakapanda bila kukoma na bomba la juu likawa gumu kama mti kabla injini haijapata joto. Hiyo ndiyo dalili ya moshi wa silinda kuingia katika njia ya maji. Tukashukuru kwa chai, tukaondoka.

Basi shikeni hilo: gari la kununua litazameni likiwa baridi. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto, maana huunguza uso.

Injini hiyo hiyo ina mkanda wa ndani unaoendesha vali. Taa iliyoandikwa T-BELT huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kwamba mkanda ubadilishwe. Wako wanaoizima taa na kuuacha mkanda. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na bei ya kutengeneza yaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Kama hakuna ushahidi wa kubadilishwa, fanya hesabu ya mkanda mpya tangu siku ya kununua.

Breki za mlimani huchoka upesi, hasa kwa dereva ashukaye na gia kubwa huku mguu u juu ya breki. Tazama pedi na sahani, na uangalie rangi ya mafuta ya breki. Mafuta hayo huvuta unyevu wa hewa, na kisiwani unyevu ni mwingi kuliko Arusha. Yabadilishwe kila miaka miwili. Yakiwa na maji ndani na breki zikapata moto, maji hugeuka mvuke na pedali huzama bila kushika kitu.

Vumbi la Meru ni la ardhi ya volkano, jembamba na lenye kukwaruza. Kichujio cha hewa kikipasuka, vumbi hilo hula ringi za pistoni, na moshi wa samawati hutoka nyuma. Bushi na boljointi fundi yeyote atakuonyesha kwa kulitikisa gurudumu.

Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika sawasawa. Tunasisitiza hili kwa wenye RAV4 na mfano wake: tairi moja jipya kati ya makuukuu hulazimisha mitambo inayogawa nguvu mbele na nyuma ifanye kazi bila kupumzika, mpaka iharibike. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama gari lina kufuli la difu ya kati, lijaribiwe kwenye udongo kama linashika, lakini lisifungwe kwenye lami kavu.

Sasa limevuka bahari, na adui amebadilika. Wenye Land Rover za zamani wajihadhari hasa. Bodi yake ni ya aluminiamu, basi nje yaonekana nzima miaka mingi, kumbe chasisi ni ya chuma, na huoza kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Dawa ya kuzuia kutu ipuliziwe ndani ya chasisi kabla ya masika. Oili chakavu wengine huipaka chini ya gari. Ikigusa breki ni hatari, na ikigusa bushi huilainisha mipira.

Gari likishuka melini, Mkoani au Malindi, lioshwe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo, na vitundu vilivyo chini ya milango vizibuliwe ili maji yatoke.