Filamu ya kariere inaomba watu, siyo kamera peke yake

Wazee wa Walikale wanakumbuka njia ya kasiterite ya Bisie vile ilikuwa mbele ya kampuni kubwa kuingia. Mchimbaji anatoa jiwe ndani ya shimo, mbeba mizigo analipitisha mgongoni ndani ya pori mpaka Ndjingala, negosian anapima na kulipa, ndege inalichukua pale Kilambo, komptwari ya Goma inatafuta mnunuzi wa ngambo. Mmoja wao akikosekana, jiwe linabaki jiwe tu. Filamu njo vile vile.

Leo vijana wengi wa Masisi na Walikale wanapiga video na simu: kazi ya shimoni, harusi, kilio, mama wanaosafisha mchanga mtoni. Wengine wana jicho kweli. Lakini video inalala ndani ya simu, ao inazunguka WhatsApp siku mbili na kupotea. Ukiwauliza, wanasema wanakosa kamera. Sisi tunaona kama kinachokosekana zaidi ni watu wa kupokezana ile kazi mpaka ifike mbali.

Mbona jambo hili linahusu mkate wetu

Mwaka 2010 ilitoka filamu Blood in the Mobile. Mwenye kuitengeneza, Frank Piasecki Poulsen wa Denmaki, alifika mpaka Bisie, kisha akaenda kuuliza kampuni Nokia kule Finlandi madini ya simu zake yanatoka wapi. Mwezi wa 7 wa mwaka ule ule, Marekani ilitia sahihi sheria ambayo kwetu iliitwa « Loi Obama ». Mwezi wa 9, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na kazi haikufunguliwa tena mpaka mwezi wa 3 wa 2011.

Hatusemi kama filamu moja njo ilileta yote hayo. Tunasema kama, wakati watu wa mbali walipokuwa wanakata shauri juu yetu, picha za kariere walizoonyeshwa zilitoka kwa wageni, na sauti ya mchimbaji anayelipa minerval ya watoto wake ilisikika kidogo sana. Mwaka 2015, filamu We Will Win Peace ilionyesha vile sheria ile iliumiza jamaa za wachimbaji. Hiyo pia ilisimamiwa na wageni. Wageni hao hawakutushinda akili. Walikuwa na mlolongo wa watu nyuma yao: mwenye kutafuta franga, mwenye kukata picha, televisheni, festivali.

Waliotutangulia hawakupita peke yao

Mwaka huo wa 2010, filamu fupi 4 za vijana wa Kongo zilifungwa pamoja kwa jina Congo in Four Acts, zikaonyeshwa kwenye festivali ya Berlin. Kazi iliongozwa Kinshasa na Djo Munga. Moja kati ya hizo inahusu mahali pa mgodi, Kipushi kule Katanga: iliongozwa na Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma, ambaye alifariki mwaka 2015. Mwingine ndani ya kundi alikuwa Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Filamu fupi moja ya vijana hao pekee pengine isingefika mbali. Nne pamoja zilifungua mlango. Hamadi akaendelea: Maman Colonelle mwaka 2017, na mwaka 2020 En route pour le milliard, juu ya walioumizwa na vita ya siku sita ya Kisangani, ikachaguliwa na festivali ya Cannes.

Hapa karibu, Goma, Petna Ndaliko Katondolo alianzisha Yole!Africa, nyumba ambamo vijana wengi walijifunza kazi ya picha, na festivali ambayo kwanza iliitwa Salaam Kivu, leo Congo International Film Festival. Yeye mwenyewe alitoa Kapita mwaka 2020, akitumia picha za zamani za migodi ya wakati wa ukoloni.

Namna ya kujenga mlolongo

Anzia nyumbani. Ekipe ya shimo inagawana kazi, na PDG anajua mbele nani atapata nini. Fanyeni vile: mmoja kwa picha, mmoja kwa sauti, mmoja anayeandika Kifaransa kizuri, mmoja wa hesabu. Andikeni mapatano kwenye karatasi mbele ya franga kufika. Franga ikishafika, mapatano ya mdomo yanaleta ugomvi.

Kisha, wale mnaowapiga picha. Chifu, kooperativi, watu wa SAEMAPE na wachimbaji wenyewe wajue kazi ni ya nini. Omba ruhusa, onyesha ulichopiga, ficha sura ya mwenye kuogopa. Usipige wenye silaha wala barrière juu ya kutafuta sifa: video itapita, wewe utabaki. Weka kopi mahali pawili, moja inje ya kijiji.

Wageni wakifika kupiga filamu, mara nyingi kijana wetu anakuwa fiksa: anaonyesha njia, anatafsiri, analipwa siku zake, hadisi inaisha. Kijana, omba mambo matatu zaidi: jina lako liandikwe mwisho wa filamu, upate kopi, na ujue namna ya kumpata mwenye kuikata. Hayo yatakufaa wakati utatafuta kazi nyingine.

Kwenye festivali, ya Goma ao ya Zanzibar iliyoanza mwaka 1998, usianze kwa kuomba franga. Angalia filamu za wenzako, uwaambie ulichoona. Uwe na dakika tano zilizomalizika, zenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na ukurasa mmoja unaoeleza kazi. Siku mbili nyuma, andika ujumbe mfupi wa kukumbusha. « Nisaidie » haijibiwi. « Dakika zangu tano ni hizi » inaweza kujibiwa. Na kwa sababu sisi ni wa Kifaransa, kuna Fonds Image de la Francophonie, inayosaidia filamu za nchi zetu tangu mwaka 1988. Kazi ya kuandika dosie ni ndefu, njo maana yule wa Kifaransa ndani ya ekipe ana mahali pake.

Mwisho, filamu irudi. Ionyesheni Rubaya, Ndjingala, Walikale-centre, kwenye nyumba ya video ao ukuta wa kanisa. Wachimbaji watasema wapi mmekosea. Wakikubali kazi yenu, kesho watafungua mlango wa shimo lingine.

Kwa wazazi na PDG tunasema hivi: kijana mwenye simu kando ya shimo siyo lazima awe mvivu. Mpe kwanza ruhusa, na umeme wa kuchaji. Siku watu wa mbali watakata tena shauri juu ya kazi yetu, inafaa wakute picha tuliyopiga sisi wenyewe.