Dalili Zinazofuatana na Sonona

Katika maradhi yanayoisibu nafsi ya mwanadamu, maradhi ya bipola ni miongoni mwa yale yaliyo magumu kutambulika, kwa kuwa hayakai katika hali moja: mara humpandisha mgonjwa katika furaha, maneno na bidii iliyopita kiasi, akatumia fedha asizokuwa nazo na asione haja ya usingizi, mara humtupa katika sonona kwa majuma au miezi, akakosa hata hamu ya chakula. Majirani hukumbuka vishindo vya ile furaha, lakini mateso makubwa zaidi yamo katika sonona. Wataalamu wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa 146 kwa wastani wa karibu miaka 13, wakatangaza matokeo yao mwaka 2002, waliona kuwa majuma ya sonona yalizidi mara 3 majuma ya furaha hiyo.

Aghalabu hudhaniwa kuwa sonona ni huzuni tupu. Natumfikirie mwanamke aliyeletwa kwa tabibu na ndugu yake kwa sababu hulia kutwa na hutamani kufa. Tabibu akamwuliza, “Usiku unalala, mama?” Naye akajibu, “Silali, daktari. Saa nane nimo uani nafua.” “Na mchana huchoki?” “Sichoki. Mawazo yanakwenda mbio. Moja halijaisha, jingine limekwisha ingia.” Machozi yake ni ya sonona, lakini kufua usiku wa manane pasipo uchovu, na mawazo yasiyotulia, ni dalili za ile hali nyingine, nazo zimekutana katika kifua kimoja. Mchanganyiko huu si nadra: katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, kati ya wagonjwa 1,380 wa bipola waliokuwa katika sonona, takriban theluthi mbili walikuwa na dalili za namna hiyo, kubwa zikiwa kutotulia kwa fikira, mawazo ya mbio na mahangaiko ya mwili.

Dalili hizo ndizo zinazoathiri mwendo wa matibabu. Msingi wa tiba ya bipola ni dawa za kuimarisha hali ya moyo, mfano wa litiamu, ambayo John Cade, tabibu wa Australia, alitangaza manufaa yake mwaka 1949. Wengi hutaraji kwamba wakiongezewa dawa za kuondoa sonona watapona upesi; lakini wagonjwa 366 walipojaribiwa kwa muda uliofika majuma 26, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007, waliopona kwa kudumu miongoni mwa walioongezewa dawa hizo walikuwa asilimia 23.5, na miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 27.3. Fauka ya hayo, wenye dalili mchanganyiko walipopewa dawa hizo hawakupona mapema kuliko wenzao wasiopewa, na baada ya miezi 3 dalili zao za furaha iliyopita kiasi zilikuwa zimezidi.

Wahka nao una sehemu yake. Mgonjwa ambaye sonona yake imefuatana na hofu isiyokuwa na sababu, moyo kwenda mbio na kushtuka ovyo, huchelewa kupona na siku zake za afya huwa chache, basi hofu hiyo yapasa itibiwe pamoja na sonona, isiachwe kama jambo dogo. Hapa mazungumzo ya tiba yana manufaa makubwa: wagonjwa 293 walipofuatiliwa kwa mwaka mmoja, waliopata mazungumzo hayo kwa kirefu pamoja na dawa walipona kwa kiasi cha asilimia 64, hali wale waliopewa mafunzo mafupi walikuwa asilimia 52.

Basi, ewe msomaji, ukiwa mgonjwa au umeuguliwa, usimpelekee tabibu machozi peke yake. Mweleze usingizi ulivyo, mawazo yanavyokwenda, hofu zilizopo, na zile siku za zamani za furaha kubwa ambazo hukuzihesabu kuwa ugonjwa. Na mgonjwa akisahau, ndugu wamkumbushe kwa upole. Dawa zisiongezwe wala zisikatwe pasipo shauri la tabibu. Na atakayesema kwamba anataka kujiua asipuuzwe wala asiachwe peke yake hata saa moja: apelekwe hospitali siku ile ile.