Bawaba ya katikati haiinui mlango

"Fundi, mlango wangu unakwaruza sakafu. Niongeze bawaba ya tatu katikati?" Hapana. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno, na bado naitwa kwenye nyumba ambako bawaba ya katikati imefungwa, mlango umepigwa randa chini, na kukwaruza kuko palepale.

Mlango haushuki wima, unainama. Juu unajivuta utoke kwenye fremu, chini unajisukuma kuingia. Bawaba ya juu inavutwa, ya chini inakandamizwa, na ya katikati imekaa mahali ambapo hakuna mvuto wala msukumo. Inazuia ubao usipinde na inabeba sehemu ya uzito, lakini skrubu za juu haizipunguzii mzigo wao.

Piga hesabu mwenyewe. Uzito wa mlango zidisha kwa nusu ya upana wake, kisha gawanya kwa umbali kati ya bawaba ya juu na ya chini. Mlango wa kilo 40, upana sentimita 90, bawaba zikiachana sentimita 150, unaivuta bawaba ya juu kwa kilo 12. Bawa la geti la kilo 120 lenye upana wa sentimita 180, kwa umbali uleule, linavuta kilo 72, usiku na mchana.

Basi tibu juu. Fungua bawaba ya juu, na mara nyingi utakuta skrubu zilizopigwa nyundo. Skrubu ya nyundo imechana nyuzi za mbao na haishiki hata kama msumari. Njiti za kiberiti nazo hazifai kuzibia tundu. Ziba tundu kwa kigingi cha mbao ngumu na gundi, iache ikauke, toboa tundu jembamba, kaza skrubu ndefu kwa bisibisi. Ukitaka bawaba ya tatu, ifunge sentimita 25 hivi chini ya ile ya juu.

Mafundi wa milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar, walilijua hili. Mabawa yale mazito hayakuning'inizwa kwa bawaba: huzunguka kwa vigingi vilivyoingia juu na chini ya fremu, uzito ukikaa kizingitini.

Sasa uchaguzi. Mlango mwepesi wa ndani: bawaba mbili za inchi 4. Wa mninga au mvule: tatu. Geti la chuma: bawaba nene za kuchomelea, zenye grisi; likiwa zito, likalishe chini juu ya beringi. Kabati la jikoni: bawaba za kikombe, tundu la milimita 35. Pwani: shaba au chuma kisichoshika kutu, na skrubu za madini yaleyale.

Kabla ya kwenda dukani, pima upana na ukadirie uzito. Na fundi akiinua nyundo juu ya skrubu, mzuie.