Mtu Mmoja Hahesabiwi Mara Mbili

Katika makao ya wazee nchini Uingereza, ambako wahudumu waliotoka Afrika Mashariki si wachache, swali moja huzuka kila ratiba ya zamu inapopangwa: je, mhudumu aliye mapumzikoni hawezi kuendelea kuhesabiwa miongoni mwa walio kazini, maadamu hajatoka nje ya jengo na kengele anaisikia? Hawezi, na kulirudia swali hakulibadili jibu.

Imani kwamba anayekaa chumba cha chai anapumzika na papo hapo anashika zamu imeota mizizi kwa sababu kwenye karatasi haigharimu hata senti. Kanuni za Muda wa Kazi za mwaka 1998 humpa mtu mzima anayefanya kazi zaidi ya saa 6 mapumziko ya dakika 20 yasiyokatizwa, ambayo ana haki ya kuyatumia mbali na mahali pake pa kazi; na mwaka 2004 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Gallagher dhidi ya Alpha Catering Services, ilieleza kwamba muda wa kusubiri kuitwa haugeuki kuwa mapumziko eti kwa kuwa hakuna aliyeita, kwani mfanyakazi anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba dakika hizo ni zake.

Asiyeridhika na sheria na aitazame zamu ya usiku yenye wahudumu 2. Mmoja anapokwenda kula, anayebaki hapaswi kumhamisha peke yake mzee anayenyanyuliwa kwa mashine, yaani kifaa chenye mkoba wa kitambaa unaopitishwa chini ya mwili, kwa kuwa kwa kawaida kazi hiyo hutaka mmoja aendeshe na mwingine amshike mzee asiyumbe. Hivyo ama mzee atasubiri kwenye shuka lililolowa, ama anayekula ataitwa, ama aliyebaki atajaribu peke yake. Majina mawili yaliyoandikwa ubaoni hayamnyanyui mtu.

Yanayowezekana yanajulikana. Saa za mapumziko zijumlishwe kwanza: wahudumu 6 wanaopumzika saa 1 kila mmoja, kwa kupokezana, katika zamu ya saa 12, huacha watu 5 kwa nusu ya zamu, na kama 6 ndio kima cha chini, basi anatakiwa mhudumu wa akiba, asiyepangiwa wazee wake, kwa saa hizo. Zamu za kupumzika ziepuke nyakati za kulisha, kugawa dawa na kulaza. Anayeondoka amkabidhi mwenzake kwa kinywa nani wa kugeuzwa na nani huamka kwenda chooni. Muuguzi aliye peke yake anaweza kupewa mapumziko ya fidia, yaani muda ulio sawa baadaye, lakini ruhusa hiyo ipo kwa ajili ya huduma isiyoweza kukatika, si kwa ajili ya kuziba uhaba wa kila siku. Mwajiri anayemwona mhudumu wa akiba kuwa ghali aziambie familia za wazee kwamba nusu ya kila zamu huendeshwa kwa upungufu.