Michirizi ya Nyota na Swali la Dunia Inayozunguka

Mpiga picha akiifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaielekeza angani usiku na kuiacha lenzi wazi kwa saa nzima, hapati vitone vya nyota. Anapata michirizi, kila mmoja umepinda kwa nyuzi zipatazo 15. Je, ni nyota zilizokwenda, au ni kamera iliyosafiri pamoja na ardhi iliyoibeba?

Picha yenyewe haijibu. Lazima hilo lisemwe wazi, maana wapo wanaoitoa kuwa ushahidi kwamba dunia inazunguka, na wapo wanaoitoa picha ileile kudai kwamba dunia imetulia na mbingu ndiyo inayoizunguka. Kwa kamera, yote mawili huchora michirizi ileile.

Wala waliobisha zamani hawakuwa wajinga. Ptolemy, aliyeishi Misri katika karne ya 2, aliuliza swali zito: kama ardhi inakimbilia mashariki, mbona mawingu na ndege hawaachwi nyuma? Mwaka 499, Aryabhata wa India alitoa mfano wa abiria wa mashua anayeona vitu vya ukingoni vikirudi nyuma, ilhali ni yeye anayekwenda mbele. Galileo akalimaliza swali la ndege mwaka 1632. Ndani ya chumba cha meli inayokwenda bila kuyumba, alieleza, vipepeo huruka sawasawa na vile ambavyo wangeruka meli ikiwa imetia nanga. Hewa na vilivyomo husafiri pamoja na chombo.

Hoja hiyo iliondoa pingamizi tu. Mzunguko wenyewe ulionekana ndani ya jengo mwaka 1851, Léon Foucault alipoining'iniza tufe ya kilo 28 kwa waya wa mita 67 chini ya kuba la Panthéon, Paris. Tufe ilibembea, na taratibu mwelekeo wa kubembea kwake ukageuka, takriban nyuzi 11 kwa saa, bila mkono wa mtu kuigusa. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikigeuka chini yake.

Kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, kugeuka huko hupungua, na kwenye mstari wenyewe hakupo. Ndiyo maana onyesho maarufu la Nanyuki, Kenya, la maji yanayozunguka upande mmoja hatua chache kaskazini mwa mstari na upande wa pili kusini, si ushahidi wa lolote. Nguvu ya mzunguko wa dunia haina uzito ndani ya beseni, hasa hapo. Kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa. Inasikitisha, kwa sababu mgeni anaondoka Nanyuki bila kuambiwa atazame juu. Picha ya usiku mzima ikipigwa hapo, nyota za mashariki huchora mistari inayopanda wima, za kaskazini huizunguka ncha moja ya mbingu kwenye upeo wa macho, na za kusini huizunguka ncha ya pili upande wa mkabala. Mkazi wa Paris huiona ncha moja tu. Ardhi bapa iliyofunikwa na kuba moja haiwezi kutoa picha hizo mbili. Hapo michirizi inatoa ushahidi kamili, ila ni wa umbo la dunia.

Mwendo wa dunia nao umeshatumiwa katika pwani ya Kenya. Kwenye ikweta ardhi huenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani ya kutafuta miali ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo iliitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo.