Roboti: «Huyu» au «Hii»?

Je, roboti zenye akili zistahili haki mbele ya sheria? Kwetu Kongo swali hili si la kinadharia tu, kwani tangu mwaka 2013 roboti zilizobuniwa na wahandisi Wakongo zilisimikwa Kinshasa kuongoza magari. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza kwa kupitia mlango wa lugha.

Huko Kolwezi, mashine ikiharibika, wafanyakazi husema: «Mashini ilikufa.» Kitenzi kimeazimwa kwa viumbe, ila kiambishi i- kimebaki cha vitu. Kiswahili sanifu huwapa viumbe hai upatanisho wa a-/wa-, hata mbwa na nzi. Yamkini roboti inayozungumza nayo itapewa upatanisho huo siku moja.

Hata hivyo, upatanisho si haki. Mtumwa aliitwa «huyu», naye akauzwa sokoni. Kampuni huitwa «hii», nayo ni mtu kisheria: chini ya sheria za OHADA, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, hupata hadhi hiyo mara inapoandikishwa. Haipewi kwa sababu ina akili wala maumivu, bali kwa kuwa ina mali, huweza kushtakiwa, na hulipa deni.

Mwaka 2017 Bunge la Ulaya lilipendekeza ifikiriwe hadhi ya «mtu wa kielektroniki» kwa roboti za hali ya juu. Mwaka uliofuata, wataalamu wengi walipinga kwa barua ya wazi, wakihofu kwamba watengenezaji wangekwepa wajibu wao.

Hofu hiyo inatuhusu. Kifungu cha 260 cha sheria yetu ya majukumu, ya mwaka 1888, humwajibisha mtu kwa madhara ya kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Tuseme lori lisilo na dereva limemponda mfanyakazi mgodini: mjane anajua mlango wa kubisha. Lori likifanywa mtu, ataambiwa alidai lori lenyewe, nalo halina mfuko.

Kwa kumalizia, tunaona kuwa roboti ya leo ibaki «hii», na mwenyewe ajibu. Ikithibitika siku moja kwamba roboti huumia, mjadala na ufunguliwe upya. Maana historia ya mtumwa yatufunza kuwa sheria iliwahi kumwita kitu yule ambaye lugha yenyewe ilimtambua kuwa mtu.