Vifurushi Visivyotajwa katika Mazingira Pepe ya Python
Mazingira pepe ya Python ni chumba kilichotengwa ili programu itumie vifurushi vyake pekee. Mtafiti achambuaye matini za Kiswahili aweza kukiunda leo, akaona programu ya miaka kadhaa ikigoma kwa kukosa moduli iitwayo distutils. Kumbe hakuna kilichoharibika. Hadi toleo la 3.11, chumba hicho kilifunguliwa kikiwa na kifurushi cha setuptools ndani. Tangu toleo la 3.12, lililotoka mwaka 2023, kifurushi hicho hakiwekwi tena, nayo distutils imeondolewa kabisa. Watungaji wengi wa programu walivitumia viwili hivyo pasipo kuvitaja, mithili ya mpangaji apikiaye sufuria za mwenye nyumba. Kusakinisha setuptools kwa amri ya pip huleta nakala ya distutils iliyomo. Ila isipoandikwa katika orodha ya mahitaji, atakayeurudia uchambuzi huo atakwama papo hapo.